Istilahi Pekee Hazitoshi: Kiswahili na Maelezo ya Amri za Tarakilishi

Mjadala kuhusu jina la kifaa kiitwacho tarakilishi umekula wino mwingi. Wapo wanaoshikilia neno tarakilishi, wapo wanaopendelea kompyuta, na wapo waliowahi kuipigia debe ngamizi. Mjadala huo una manufaa yake, kwa kuwa lugha isiyo na majina ya vitu haiwezi kuvizungumzia. Hata hivyo, umewafanya wapenzi wengi wa Kiswahili waamini kwamba kazi ya lugha katika teknolojia hukamilika pindi istilahi inapopatikana. Dhana hiyo ina kasoro. Mtu aketiye mbele ya tarakilishi hahitaji majina ya vitu tu. Anahitaji kuelezwa kwamba akitenda hili, lile litafuata, na kwamba akitenda jingine atapoteza kazi yake ya miezi. Mambo hayo hayaelezwi kwa istilahi. Huelezwa kwa sentensi.

Ithibati ya jambo hili imo mahali ambapo wanafunzi wa fasihi na isimu hawapiti mara nyingi, nako ni katika ukurasa wa mwongozo wa zana iitwayo apt-get, ambayo kazi yake ni kusimamia vifurushi vya programu katika mifumo ya Linux ya ukoo wa Debian. Ukurasa huo hueleza machaguo, yaani vijineno vinavyoongezwa kwenye amri ili kuibana, kuipanua au kuielekeza. Kwa mtazamo wa haraka, ni maandishi makavu. Kwa jicho la mwanalugha, ni uwanja ambamo uteuzi wa kitenzi kimoja huamua iwapo mfumo mzima utasalimika au utaharibika. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kuyaandika maelezo hayo kwa Kiswahili ni jukumu la wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, wala si la wahandisi peke yao.

Zana yenyewe na ukoo wake

Mfumo wa Debian ulianzishwa na Ian Murdock mwezi Agosti mwaka 1993. Tangu awali, waliouunda walikabiliwa na tatizo moja sugu. Programu aghalabu haijitoshelezi. Huhitaji programu nyingine ili ifanye kazi, na hiyo nayo huhitaji ya tatu. Jawabu lao lilikuwa kifurushi. Kifurushi hubeba programu yenyewe, faili zake za usanidi, na orodha ya vifurushi vingine kinavyovitegemea. Zana ya dpkg, iliyoanza mwaka 1994, ilipewa kazi ya kusakinisha na kuondoa vifurushi vilivyo tayari mkononi, lakini haikuwa na uwezo wa kwenda kuvitafuta vilivyokosekana. Pengo hilo lilizibwa na APT, iliyoingia katika toleo la Debian 2.1 la mwaka 1999. Mtumiaji hutaja kifurushi kimoja tu, nayo APT hupiga hesabu ya utegemezi wote, ikavileta vinavyohitajika kutoka ghalani na kuvisakinisha kwa utaratibu.

Mwaka 2004 Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, alizindua mfumo wa Ubuntu uliojengwa juu ya Debian na unaotumia zana hizohizo. Jina Ubuntu limetoka katika lugha za Kinguni, na mzizi wake ndio uleule uliozaa neno utu katika Kiswahili. Ajabu ni kwamba miongozo ya APT, zana inayoubeba mfumo huo wenye jina la Kibantu, imetafsiriwa kwa Kijerumani, Kifaransa, Kihispania, Kiitaliano, Kijapani, Kiholanzi, Kipolandi na Kireno, ilhali Kiswahili hakimo.

Si kwamba Waswahili wamelala fofofo. Mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulizaa Jambo OpenOffice katikati ya muongo wa kwanza wa karne hii. Kampuni ya Microsoft nayo ilitoa violesura vya Kiswahili vya Windows katika muongo huohuo. Juhudi hizo zastahili heko. Lakini sehemu kubwa ya kazi ya aina hiyo huwa ni menyu na vitufe: hifadhi, funga, chapisha. Msomaji hupewa neno moja hapa na mawili pale. Nathari ya kueleza, kuonya na kuweka masharti imebaki Kiingereza.

Sarufi ya amri

Mwanafunzi wa sarufi hatapata taabu kuielewa amri ya apt-get. Mathalani, katika amri apt-get remove --purge apache2, neno remove ni kitenzi katika hali ya kuamrisha; apache2, ambalo ni jina la kifurushi, ni yambwa; nalo --purge ni chagizo linaloeleza namna tendo linavyotakiwa kutendwa. Machaguo mengi huwa na sura mbili. Ipo sura fupi, yenye kistari kimoja na herufi moja, na ipo sura ndefu, yenye vistari viwili na neno zima. Kwa hivyo -y na --yes ni kitu kimoja. Katika muhtasari wa matumizi, kilichotiwa ndani ya mabano ya mraba chaweza kuachwa, na mstari wima kati ya maneno mawili humtaka mtumiaji achague moja.

Ikumbukwe kwamba majina ya machaguo hayatafsiriwi. Tarakilishi huyatambua kama yalivyo, na anayethubutu kuyaandika kwa Kiswahili atarudishiwa ujumbe wa kosa. Kinachotafsiriwa ni maelezo peke yake. Hali hii huuongeza uzito wa kazi badala ya kuupunguza. Msomaji asiyekijua Kiingereza hawezi kubahatisha maana kutokana na jina. Kwake, --purge ni mfuatano wa herufi tu. Hivyo basi maelezo ya Kiswahili hayana budi kubeba maana yote.

Maneno yanayofanana, matendo yanayotofautiana

Ugumu wa kwanza unajitokeza katika amri mbili zinazotumika kila siku, update na upgrade. Neno sasisha, ambalo limeenea mno, aghalabu hutumiwa kwa zote mbili. Madhara yake si madogo. Amri ya update haileti programu mpya hata moja. Huleta orodha mpya ya vifurushi vilivyomo ghalani. Amri ya upgrade ndiyo inayoleta matoleo mapya ya vifurushi vilivyokwisha kusakinishwa. Mtu aliyeambiwa "sasisha mfumo" akatoa amri ya kwanza ataona mistari ikipita kwenye skrini, aridhike kwamba mashimo ya usalama yamezibwa, kumbe hapana kilichozibwa. Hana tofauti na mtu aliyeletewa orodha ya bei kutoka dukani akadhani ameletewa bidhaa. Kiswahili kina uwezo wa kuzitenga amri hizi: ya kwanza huhuisha orodha, ya pili hupandisha matoleo. Yafaa pia kueleza kwamba apt-get upgrade haiondoi kifurushi chochote kilichopo, ilhali dist-upgrade yaweza kuondoa baadhi ya vifurushi ili kuutengeneza utegemezi uliobadilika. Anayezichanganya hizi mbili ataamka asubuhi akute programu fulani haipo.

Ugumu wa pili ni tofauti kati ya remove na purge. Tafsiri ya haraka ingeandika "ondoa" na "ondoa kabisa", na neno "kabisa" lingebeba mzigo lisiouweza. Lugha ya shambani ina hazina bora zaidi. Mkulima hachanganyi kufyeka na kung'oa. Aliyefyeka ameacha kisiki, na mvua ikinyesha kitachipuka. Aliyeng'oa ameondoa mmea pamoja na mizizi yake. Ndivyo ilivyo hapa. Amri ya remove huondoa programu lakini huziacha faili zake za usanidi, hata kifurushi kikirudishwa baadaye kitaikuta mipangilio yake ya zamani ikingoja. Purge huzing'oa faili hizo pia. Hata hivyo, mwandishi makini hatakomea hapo. Ataongeza kwamba kung'oa huko hakuzigusi faili zilizomo katika saraka binafsi ya mtumiaji, kwa maana mtu anayetaka kufuta data zake za siri kabla ya kuuza tarakilishi anaweza kuliamini neno purge kupita kiasi.

Ugumu wa tatu ni mtego halisi wa mtafsiri wa neno kwa neno. Kuna chaguo la --fix-broken, ambalo kwa ufupi ni -f, na kuna chaguo la --fix-missing, ambalo kwa ufupi ni -m. Yote mawili yanaanza kwa kitenzi kimoja cha Kiingereza chenye maana ya kutengeneza. La kwanza hutengeneza kwa kweli: hujaribu kuurekebisha mfumo ambao utegemezi wa vifurushi vyake umevunjika. La pili halitengenezi kitu. Huiambia zana ivipuuze vifurushi vilivyoshindikana kuletwa, au vilivyofika vikiwa vimeharibika, kisha iendelee na vilivyobaki. Si ajabu kwamba jina lake la pili ni --ignore-missing. Mtafsiri atakayeandika "hurekebisha vinavyokosekana" atakuwa amelieleza chaguo kinyume na lilivyo, na kamusi itamuunga mkono. Atakayeokoka ni yule aliyeuliza kwanza, "Chaguo hili hutenda nini?" kabla ya kuuliza, "Neno hili linaitwaje?"

Pale ndiyo inapogeuka hatari

Chaguo la -y hujibu ndiyo kwa kila swali ambalo zana ingemuuliza mtumiaji. Hata hivyo, ndiyo hiyo ina mipaka. Ikiwa kuendelea kutamaanisha kukibadilisha kifurushi kilichozuiliwa, kusakinisha kifurushi ambacho asili yake haikuthibitishwa, au kukiondoa kifurushi cha lazima, apt-get husimama. Zamani palikuwa na chaguo jingine, --force-yes, ambalo halikusimama popote, na mwongozo wenyewe ulionya kwamba laweza kuuangamiza mfumo. Mwaka 2015, katika toleo la 1.1 la APT, chaguo hilo lilitangazwa kuwa limepitwa na wakati. Nafasi yake ilichukuliwa na machaguo kadhaa yanayotaja waziwazi kile kinachoruhusiwa: moja huruhusu kifurushi kisichothibitishwa, jingine huruhusu kurudi kwenye toleo la chini, jingine huruhusu kukigusa kifurushi kilichozuiliwa, na jingine, --allow-remove-essential, huruhusu kuondoa kifurushi cha lazima. Mabadiliko hayo yana funzo la lugha ndani yake. Kibali cha jumla kilivunjwavunjwa kikawa vibali vidogovidogo, kila kimoja na jina la hatari yake, ili anayekubali ajue anakubali nini.

Tukio la Novemba 2021 linathibitisha uzito wa jambo hili. Linus Sebastian, Mkanada anayejulikana kote kwa video zake kuhusu tarakilishi, alikuwa akijaribu kusakinisha Steam, programu ya michezo, katika mfumo wa Pop!_OS ambao ni wa ukoo huohuo. Kwa sababu ya hitilafu katika vifurushi, APT ilipiga hesabu na kuona kwamba sharti iondoe vifurushi vya lazima, vikiwemo vile vinavyoendesha eneokazi lenyewe. Ilimwonya, ikamtaka aandike kwa mkono wake sentensi ambayo kwa Kiswahili ni sawa na kusema "Naam, tenda nisemavyo!" Akaiandika. Tarakilishi ikatenda alivyosema, naye akabaki na skrini isiyo na eneokazi.

Sebastian ni mjuzi wa vifaa, na Kiingereza ni lugha aliyolelewa nayo. Onyo lilikuwepo, tena kwa lugha yake, lakini lilikuwa limezamishwa katika orodha ndefu ya majina ya vifurushi, na halikusema kwa lugha ya kawaida kwamba eneokazi litatoweka. Muda mfupi baadaye APT ilirekebishwa. Sasa hukataa kuondoa vifurushi vya lazima, isipokuwa mtumiaji alitaje kwa hiari yake lile chaguo linaloruhusu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini mkuu naye ana wajibu wa kusema likasikika. Ikiwa onyo lisiloandikwa vyema lilimponyoka msomaji wa namna hiyo, hali ya mwalimu wa shule ya mashambani anayelisoma kwa lugha yake ya tatu haihitaji maelezo mengi.

Kiswahili kina silaha zake

Yapo mambo ambayo Kiswahili huyaeleza kwa urahisi kuliko Kiingereza chenyewe. Chaguo la -s, lenye majina mengine kama --simulate na --dry-run, huifanya zana ieleze yale ambayo yangetendeka bila kutenda lolote. Kiswahili kina mofimu ya -nge- kwa ajili ya hali hiyohiyo. Maelezo yanayosema "vifurushi hivi vingeondolewa" yanamjulisha msomaji, ndani ya kitenzi kimoja, kwamba hakuna kilichoondolewa bado. Mwandishi akiteleza akaandika "vitaondolewa", msomaji atashtuka bure. Akiandika "vimeondolewa", atakuwa amesema uongo. Uchaguzi huo ndio mwanafunzi wa sarufi hufundishwa tangu mwaka wa kwanza.

Fauka ya hayo, kuna upatanisho wa ngeli. Miongozo ya Kiingereza hutumia kiwakilishi kimoja kwa kifurushi, kwa faili na kwa mfumo, na msomaji huachiwa kukisia kipi kinachorejelewa. Kiswahili hakimwachi gizani. Katika sentensi "Mfumo ukikiondoa kifurushi utaziacha faili zake", viambishi u-, -ki- na -zi- vinaonyesha bila utata mtenda ni nani, kinachoondolewa ni kipi na zinazoachwa ni zipi. Aidha, vifurushi huhusiana kwa viwango vitatu ambavyo Debian huvitofautisha, navyo Kiswahili kina vitenzi vya kuvibeba bila kubuni neno jipya. Kifurushi chaweza kukitegemea kingine, na bila hicho hakitafanya kazi. Chaweza kukipendekeza, na hicho husakinishwa pamoja nacho isipokuwa mtumiaji akatae kwa chaguo la --no-install-recommends. Au chaweza kukidokeza tu, na uamuzi ukabaki kwa mtumiaji. Kutegemea, kupendekeza na kudokeza ni ngazi ambazo kila mzungumzaji wa Kiswahili anazijua.

Pingamizi na majibu yake

Kuna watakaosema kwamba kila anayetumia Linux nchini Kenya amesoma Kiingereza, hivyo kazi hii ni ya bure. Hoja hiyo inageuza matokeo kuwa sababu. Wanaotumia zana hizo wanakijua Kiingereza kwa kuwa asiyekijua amefungiwa mlango. Isitoshe, kujua Kiingereza cha darasani si sawa na kuelewa sentensi ya masharti iliyojaa vikanushi, kama mkasa wa 2021 ulivyodhihirisha. Tangu Katiba ya mwaka 2010, Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi ya Kenya. Urasmi unaoishia kwenye hotuba na vibao vya ofisi, usiingie kwenye vifaa vinavyoziendesha ofisi hizo, ni urasmi nusu.

Wengine watadai kwamba machaguo hubadilika upesi, hata tafsiri ikichapishwa huwa imechakaa. Ni kweli hubadilika. --Force-yes ni mfano. Lakini -y, -s, -d na --purge yamedumu kwa miaka mingi, na maana zake za msingi hazijageuka. Mfumo wa po4a, unaotumiwa kutafsiri kurasa hizi, huigawa miongozo katika vipande na kuonyesha ni kipande kipi cha asili kimebadilika, ili mtafsiri arudie hicho tu. Mtafsiri huyo halazimiki kuwa mwandishi wa programu.

Pingamizi la tatu ni la siku hizi: kwamba akili unde itatafsiri yote kwa dakika moja. Itatafsiri, naam. Lakini mashine hujifunza Kiswahili kutokana na kile ambacho watu wamekiandika, na nathari ya Kiswahili inayoeleza amri za tarakilishi ni haba. Ikikosa mifano mizuri, itaandika "sasisha" mara mbili na "hurekebisha vinavyokosekana" bila kuona haya. Atakayelikamata kosa hilo ni mtu aliyeijaribu amri yenyewe na anayeijua lugha. Mashine inaweza kumharakisha mtu huyo, ila haimwondolei wajibu.

La kufanya

Kazi ya kuanzia si kubwa, na vyama vya Kiswahili vyuoni vinaiweza. Ukurasa mmoja, ule wa apt-get, watosha kuwa mradi wa muhula mmoja. Wanafunzi wa Kiswahili washirikiane na wenzao wa sayansi ya tarakilishi, wawili wawili, kila jozi ipewe machaguo machache. Kila chaguo lijaribiwe kwanza kwenye tarakilishi isiyo na kitu cha thamani, ndipo maelezo yaandikwe. Kisha maelezo hayo apewe msomaji wa tatu asiyeujua mwongozo wa Kiingereza, naye aulizwe swali moja: akiitoa amri hii, ni kipi kitakachotendeka? Akikosea, mwenye kuandikwa upya ni sentensi, si msomaji.

Wahadhiri nao wana sehemu yao. Kozi za tafsiri zimezoea matini za fasihi, za dini na za magazeti. Mwongozo wa amri ni matini halali ya kufundishia, tena yenye kipimo kikali kuliko zote, kwa kuwa tarakilishi haina huruma kwa tafsiri iliyoteleza. Mwanafunzi wa uzamili anayechunguza ulinganifu katika tafsiri atapata humo data tele, na matokeo yake yatatumiwa na watu badala ya kukaa kwenye rafu.

Hapana anayedai kwamba mwongozo wa apt-get utashindana na riwaya au utenzi. Lakini lugha hukua pia pale inapotwikwa kazi ndogo zenye matokeo makubwa: kumwambia mtu, kabla hajabonyeza kitufe, kwamba hiki kitabaki na kile kitatoweka. Kiswahili kina vitenzi, viambishi na ngeli za kuifanya kazi hiyo. Wanaovijua vitenzi, viambishi na ngeli hizo ni wasomaji wa jarida hili. Ukurasa wenyewe uko wazi kwa kila mtu, hauna ada, na nafasi ya Kiswahili ndani yake ingali tupu.